Tarehe ya Mizabibu ya Pelješac

Rasi ya Pelješac imejinyoosha kwenye bahari ya Adriatiki, kusini mwa Kroatia, kwa zaidi ya kilomita 60. Imeshikana na bara pale Ston tu, na aliyeishika Ston aliishika rasi nzima. Jamhuri ya Dubrovnik ilipoipata Pelješac mwaka 1333, ilijenga ukuta wa mawe unaopanda mlima na kushuka upande wa pili. Zaidi ya kilomita 5 za ukuta huo zimesimama hadi leo. Tamaa kubwa ya Dubrovnik ilikuwa chumvi ya Ston. Ardhi iliyobaki waligawana wakubwa wa mji, na wenyeji wakawa wakulima wa mashamba ya mabwana: wakilima, wakichuma, wakitoa fungu la mwenye ardhi.

Napoleon akaivunja jamhuri hiyo mwaka 1808, kisha utawala ukaangukia Austria. Watu wa Orebić, upande wa magharibi, waligeukia bahari wakawa manahodha na wenye meli. Wa vijiji vya ndani walibaki na jembe.

Neema yao ilitokana na msiba wa wengine. Filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, alivuka bahari kutoka Marekani akaanza kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Alipoiangamiza mizabibu ya Ufaransa, wanunuzi wa mvinyo wakaigeukia Dalmatia, pwani ya Kroatia ambamo Pelješac imo. Bei ikapanda, na watu wakang'oa mawe milimani, wakayapanga kuwa kuta, wakapanda mizabibu hata mahali ambapo mbuzi hukanyaga kwa hadhari.

Kisha mambo mawili yakafuatana. Mwaka 1891 Austria-Hungaria ilifanya mkataba wa biashara na Italia uliopunguza ushuru wa mvinyo wa Kiitalia, na Mdalmatia akashindwa sokoni kwake mwenyewe. Mwaka 1894 filoksera akaonekana Dalmatia. Dawa ilikuwepo: kubebesha mzabibu wa kienyeji juu ya shina la Kimarekani, ambalo mizizi yake humstahimili mdudu. Lakini kazi hiyo hutaka fedha na miaka ya kungoja mavuno, na mwenye watoto wa kulisha hana hata kimoja. Maelfu wakaondoka Dalmatia. Wengine walikwenda Chile, wengine California, wengine New Zealand, ambako walichimba gundi ya mti wa kauri, iliyo ndugu wa sandarusi yetu. Huko New Zealand baadhi yao walirudia kazi ya wazee wao, na jina la Babich likaingia kwenye chupa za mvinyo.

Kuta za mawe zilizoachwa zimefunikwa na vichaka. Mgeni anayezunguka Dalmatia huziona kila mlima, na asipoelezwa hudhani ni ngome za kale. Ni mashamba hayo.

Dingač haikuachwa. Ni mteremko unaotazama kusini, juu ya bahari, nyuma ya kijiji cha Potomje, na wenyeji husema una majua matatu: la mbinguni, linalorudi kutoka majini na linalorudi kutoka kwenye mawe. Hupandwa aina ya zabibu nyeusi iitwayo Plavac Mali. Mizabibu yake ni mifupi, mingi haina nguzo wala waya, na mteremko ni mkali kiasi kwamba trekta halina kazi hapo. Ukikishika kichala mwezi wa Septemba utaona jambo la ajabu: punje moja ingali na wekundu wa ujana, jirani yake imeiva mpaka imekuwa nyeusi, ya tatu imeanza kusinyaa na kukauka. Zote huchumwa pamoja kwa mkono, na ndiyo maana mvinyo wa Dingač huwa mkali na mzito, wenye ladha ya tunda kavu.

Zamani mavuno hayo yalivushwa mlima kwa punda, na mpaka leo punda amechorwa kwenye chupa za Dingač. Mwaka 1961 Dingač ikawa sehemu ya kwanza ya Kroatia ambayo mvinyo wake ulilindwa kisheria. Katika miaka ya 1970 wakulima wa Potomje walitoboa mlima kwa nguvu zao, wakafungua njia ya mita 400 hivi kutoka kijijini hadi mteremkoni. Njia hiyo ni nyembamba, magari mawili hayapishani. Kwangu mimi, hakuna jengo la kifahari kwenye rasi nzima linaloifikia kwa heshima.

Mtengeneza mvinyo Miljenko Grgić alizaliwa mwaka 1923 kijijini Desne, ng'ambo ya maji kutoka Pelješac. Aliondoka mwaka 1954, akafika California akajulikana kama Mike Grgich, na mvinyo wake mweupe wa Chardonnay wa mwaka 1973 ndio ulioishinda mivinyo ya Ufaransa katika shindano la Paris la 1976. Siku zote aliamini kwamba zabibu ya Zinfandel, inayojivuniwa na Wakalifornia, ina asili ya kwao. Mwaka 1996 alifungua kiwanda chake cha mvinyo Trstenik, hapo hapo Pelješac. Mwaka 2001 wataalamu wa Zagreb, Ivan Pejić na Edi Maletić, pamoja na Carole Meredith wa California, walithibitisha kwa vipimo vya vinasaba kwamba Zinfandel ni Crljenak Kaštelanski, mzabibu uliokuwa umebaki mashina machache tu karibu na Split. Plavac Mali ni mtoto wake. Grgić aliishi kuliona hilo. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 100.

Tangu miaka ya 1990 familia nyingi ziliacha kuuza zabibu kwa ushirika peke yake, zikaanza kujaza chupa kwa jina lao. Vyumba vya wageni vikafuata: nyumba za mawe Potomje na Trstenik, na Orebić hoteli ya Korta Katarina yenye kiwanda chake cha mvinyo. Mgeni hulala juu ya mapipa, hula pweza aliyeokwa chini ya kifuniko cha chuma kilichofukiwa makaa, na asubuhi huona jembe lililolipa karamu ya jana. Kwa maoni yangu kulala huko kuna faida kuliko kuja kutwa na basi kutoka Dubrovnik, kuonja vikombe vinne na kuondoka, kwa sababu mteremko hujulikana kwa miguu, jua likiwa bado chini.

Daraja la Pelješac lilifunguliwa Julai 2022, na msafiri wa kutoka Split hahitaji tena kupita Bosnia wala kungoja kivuko. Wageni wameongezeka. Vijana wa kulima mteremko wa Dingač bado hutafutwa kila msimu, na fedha ya kitanda cha mgeni ndiyo huwalipa.