Mteremko, Nukta na Mlinganyo: Kiswahili katika Historia ya Mstari Mnyoofu

Mwaka 1637 René Descartes alichapisha maandishi yaliyoonyesha jinsi maumbo ya jiometri yanavyoweza kuelezwa kwa aljebra. Hakuyaandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa zama zake, bali kwa Kifaransa, lugha ya nchi yake. Uamuzi huo una maana kwa historia ya Kiswahili.

Nchini Tanzania, baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Istilahi kama mlinganyo, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi lingana, zikazoeleka madarasani. Hata hivyo, mlinganyo wa mstari mnyoofu ni mada ya sekondari, ambako Kiingereza kilibaki. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi ngazi hiyo. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Athari zake huonekana wilayani Rungwe. Mtoto wa Tukuyu, ambaye huenda alianza kusema kwa Kinyakyusa, amekulia milimani na anaujua mteremko kwa miguu yake. Dhana hiyo inapopewa kipimo darasani, huletwa kwa lugha asiyoimudu bado.

Istilahi yenyewe ina tatizo linalostahili kuchunguzwa. Barabara itokayo Kyela, katika uwanda wa Ziwa Nyasa, hupanda hadi Tukuyu; msafiri anayerudi huiona ikishuka. Hisabati huondoa utata huo kwa kuusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia: ukipanda, mteremko ni chanya, ukishuka, ni hasi. Lakini mteremko hutokana na teremka, hivyo “mteremko chanya” wa mstari unaopanda waweza kumkwaza mwanafunzi. Mwinamo halina mzigo huo kwa kiasi hicho. Lolote litakalochaguliwa, fasili yake haina budi kutaja mwelekeo.

Fasili ikishawekwa, hoja hujengeka bila shida. Nukta moja hupitiwa na mistari isiyo na idadi, na mteremko mmoja ni wa mistari sambamba isiyo na idadi. Viwili hivyo pamoja hubainisha mstari mmoja tu. Tuseme mstari una mteremko 2 na unapita katika nukta (3, 7). Kwa nukta nyingine yoyote (x, y) ya mstari huo, badiliko la wima likigawanywa kwa badiliko la mlalo hutoa 2. Kwa hiyo y − 7 = 2(x − 3), yaani y = 2x + 1.

Mlinganyo ulikubalika kwa sababu ulifundishwa na kutahiniwa. Mteremko wa kihisabati, au mwinamo, utakomaa kwa njia hiyohiyo: ubaoni, daftarini na katika karatasi ya mtihani.