Mzaliwa wa Tanga aliyeusoma moyo unapokataliwa

Januari 2, 1968, mjini Cape Town, mpasuaji Christiaan Barnard alimpandikiza daktari wa meno, Philip Blaiberg, moyo wa kijana wa miaka 24. Blaiberg aliishi nao miezi 19. Alipofariki Agosti 1969 na moyo ule kuchunguzwa, mishipa inayoulisha damu ilikutwa imenenepa kuta na kuziba, utadhani ni ya mzee aliyeugua miaka mingi.

Adui aliyeogopwa zaidi siku zile alikuwa mwingine: mwili kuukataa moyo ghafla, ndani ya wiki au miezi ya mwanzo. Wagonjwa wengi wa mwaka ule wa 1968 walikufa mapema, na hospitali nyingi zikaachana na upasuaji huo. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, timu ya mpasuaji Norman Shumway iliendelea. Mtaalamu wake wa hadubini alikuwa Margaret Billingham, aliyezaliwa Tanga mwaka 1930, akasoma shule Kenya na udaktari London. Natamani wanafunzi wetu wa udaktari walijue jina lake kama wanavyolijua la Barnard.

Mwanzoni, ili kujua kama mwili unaukataa moyo, madaktari walitegemea kipimo cha umeme wa moyo. Mawimbi yalipofifia, mara nyingi moyo ulikuwa umeshaumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Philip Caves, mpasuaji wa hapo Stanford, alitengeneza koleo jembamba la kupitisha kwenye mshipa wa shingoni hadi chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia. Mgonjwa yu macho, amechomwa ganzi shingoni tu. Koleo hung'ata vipande vya nyama vya milimita chache na kutoka navyo.

Katika vipande hivyo Billingham aliona jinsi shambulio linavyokwenda. Kwanza chembe nyeupe za damu, limfosaiti, hukusanyika kuzunguka mishipa midogo. Kisha hupenya katikati ya nyuzi za misuli. Nyuzi zikianza kufa, dawa za kutuliza kinga ya mwili lazima ziongezwe haraka. Shambulio likikomaa, nyama huvimba na damu kuvujia ndani yake. Alizipanga hatua hizo kwa mfuatano, na mwaka 1990 aliongoza kazi ya kuandaa vigezo vya pamoja vya kimataifa, hospitali zikaanza kuzungumza lugha moja.

Kukataliwa kwa pole pole, kule kulikoonekana kwa Blaiberg, ni kugumu zaidi. Utando wa ndani wa mishipa hunenepa mwaka hadi mwaka, si mahali pamoja bali mshipa mzima, hadi matawi madogo, kwa hiyo kuuzibua ni shida. Koleo nalo hukosa mishipa hiyo mara nyingi. Na kwa kuwa neva hukatwa moyo unapotolewa kwa mwenyewe, mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote ya kifua. Ndiyo maana aliyepandikizwa moyo huitwa kupigwa picha za mishipa hata kama anajiona mzima kabisa.