Difu
Kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, neno ni difu, basi. Ukileta "gia tofautishi" utaachwa umesimama. Lakini kutaja "difu ya nyuma ya Hilux ya zamani" hakutoshi. Muuza spea anayejua kazi yake atauliza meno: krauni ya 41 kwa pinieni ya 10 ni 4.1, ya 43 kwa 10 ni 4.3. Kwa nje huzitofautishi. Kwenye foo-wili, hesabu ya nyuma isipolingana na ya mbele, gia huvutana hadi kitu kivunjike. Kujua hesabu ya gari lako, anza na kibati chake, sehemu ya ekseli. Na ukiambiwa "inaingia tu, bosi", hapo kinachoingia ni bolti. Meno mwambie ayahesabu mbele yako.