Shilingi Mgongoni mwa Papa

Jina la kitu huwa na umri wake, na pengine umri huo hujitaja wenyewe. Samaki mkubwa kuliko wote baharini, ambaye watu wa Mafia humwita potwe, katika pwani ya Kenya hujulikana kwa jina la papa shilingi. Husimuliwa huko kwamba Mwenyezi Mungu, alipokwisha kumuumba, alipendezwa naye hata akawapa malaika sarafu za dhahabu na fedha wamrushie kutoka juu. Basi madoa meupe ya mgongoni mwake ndizo sarafu hizo.

Kisa ni kizuri, lakini jina lenyewe si la kale. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921. Kabla yake pwani ilihesabu kwa rupia, na Unguja na Pemba zilibaki na rupia hadi mwanzo wa 1936. Ikiwa wazee wa zamani waliyafananisha madoa yale na sarafu, basi haielekei kuwa waliziita shilingi. Jina la potwe halibebi fedha ya serikali yoyote.

Wataalamu wa Ulaya nao walichelewa. Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza, alimweleza samaki huyu mwaka 1828, baada ya mmoja kuchomwa chusa katika ghuba ya Table Bay, Afrika Kusini. Hapo ndipo alipoingia vitabuni mwao.

Ng'ambo ya mlangobahari wa Msumbiji, Wamalagasi humwita marokintana, yaani mwenye nyota nyingi. Ajabu ni kwamba mwaka 2005 wanasayansi walichapisha njia ya kumtambua kila papa kwa mpangilio wa madoa yake, na hesabu walizotumia waliziazima kwa wanafalaki, waliozibuni kwa kulinganisha picha za nyota.

Leo shilingi imerudi kwa mlango mwingine. Takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, wageni hulipa ili waogelee kando ya potwe mbele ya Kilindoni, anapofuata uduvi na samaki wadogo karibu na ufuko. Wavuvi nao huwafuata dagaa papo hapo, na mara nyingine potwe huzingirwa wavuni mwao. Tangu 2016 amehesabiwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Tena, utafiti uliofanywa Mafia kwa vyombo vya kunasa sauti umeonyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali msimu unapokwisha. Husogea tu kwenye maji yenye kina zaidi. Kumbe si mgeni wa msimu, ni mwenyeji.

Riziki anayoileta haina ubaya. Lakini tukiliacha jina la potwe lipotee, tukabaki na shilingi kwa kuwa ndiyo inayouza, tutakuwa tunamwita kwa bei yake. Vijana wanaoongoza mashua za Kilindoni na wawatajie wageni jina la potwe kwanza, kabla hawajaingia majini, na wawaambie kuwa wamefika nyumbani kwa mwenyewe.