Makabati ya Mvule na Sanduku la Seremala

Majuzi niliamua kukarabati jiko la nyumba yangu kuukuu mtaani Milimani, Kisumu. Makabati yake ni ya mvule, mti ambao Waluo huuita olua. Yalikuwa yameingia weusi kwa masizi, ila mchwa hawajayagusa. Fundi, kijana mchangamfu, aliyatazama akacheka.

“Prof, hizi kabati ni za kizamani. Tutoe zote, tuweke za kisasa.”

Za kisasa ni unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi. Nilikaribia kukubali. Kisha akamtuma msaidizi wake alete “sandipepa”. Nikamuuliza kama anajua msasa. Hakujua.

Ndugu msomaji, msasa ni mti. Majani yake hukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja, ikarithi jina hilo. Sanduku la seremala limejaa historia ya namna hii. Msumeno ni Kibantu. Tazama tu meno yake. Msumari umetoka kwa Waarabu. Randa na gundi zimetufikia kutoka India. Meza ni ya Wareno, kabati la Waingereza. Mtoto wa meza, naye, tumemzaa wenyewe.

Mengi ya maneno hayo yalikuwa pwani kitambo. Bara yalisafiri na wafanyabiashara na mafundi, hasa reli ilipofika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Ujenzi wake ulileta Wahindi zaidi ya 30,000, maseremala wakiwemo. Dholuo nacho kikalipokea neno jikoni, kikalitamka jokon.

Basi nikamwambia fundi ajaribu mlango mmoja. Alipitisha randa mara mbili tatu, hudhurungi ya mvule ikachomoza chini ya masizi. Akanyamaza kidogo.

“Prof, hii mbao sijawahi kuifanyia kazi.”

Hapo ndipo penye hofu yangu. Mvule huchukua miongo mingi kukomaa, na tumeukata kuliko tulivyoupanda. Mbao ikishatoka mikononi mwa mafundi, majina ya kazi yake nayo hutoka vinywani mwao. Wanaotunga kamusi wasikae maktabani tu. Waende Kibuye, wakae na maseremala wazee, waandike.

Makabati yangu yamebaki. Kijana sasa huitisha msasa.