Kamirithu: Jukwaa Lisilo na Geti

Mwaka jana nilienda tamasha moja la sanaa hapa Nairobi. Bango lilisema sanaa ni ya wote. Getini tiketi ilikuwa 1,500 bob, na mama aliyekuwa akichoma mahindi nje ya ukuta alisikia muziki wote bila kumwona msanii hata mmoja. Nilirudi mtaani nikijiuliza: kwani hao "wote" ni akina nani?

Swali hilo lilishajibiwa kitambo, Limuru, katika kijiji cha Kamirithu.

Kamirithu kilizaliwa kwa nguvu. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilibomoa makao ya watu na kuwarundika pamoja ili wasiwasaidie Mau Mau. Uhuru ulipokuja, wengi walibaki vibarua kwenye mashamba ya chai, wengine wakaingia kiwanda cha viatu, na wengine hawakuwa na kazi kabisa. Hapo kijijini palikuwa na ekari nne zilizotengewa kituo cha vijana, na kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha udongo tu.

Mwaka 1976 wanakijiji walianza kukifufua. Walianza na kisomo cha watu wazima, kisha wakataka maigizo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakapewa kazi ya kuandika, Kimani Gecau akaelekeza. Mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, unamhusu kibarua Kĩgũũnda na kipande chake kidogo cha ardhi ambacho tajiri amekitolea macho. Limuru hakuna aliyehitaji kuelezewa hadithi hiyo.

Sasa, wasomi hao wangeweza kuleta muswada uliokamilika na kumgawia kila mtu maneno yake akariri. Haikuwa hivyo. Ulisomwa mbele ya watu, na watu wakaurekebisha. Wazee walisahihisha nyimbo na namna mzee anavyoongea. Wafanyakazi walijua mshahara wao hadi senti ya mwisho, na wakasema. Mazoezi yalifanyika hadharani. Ukitoka shambani ungeweza kusimama, ukatazama, ukasema "hapo mmekosea", na ukasikizwa.

Ukumbi pia walijijengea. Waliupanga chini kwa njiti za kiberiti, wakaunda mfano mdogo, ndipo wakajenga: jukwaa, ukuta wa mianzi, viti vya mbao vilivyopanda kama ngazi. Watu zaidi ya 2,000 wangekaa, na juu hapakuwa na paa.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja hata kutoka mbali, wakikodisha magari. Wiki sita tu baadaye, 16 Novemba, kibali kikafutwa kwa kisingizio cha usalama. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Jiulize ni kwa nini. Vitabu alikuwa ameandika kwa miaka mingi. Kilichobadilika safari hii ni waliokuwa wakiongea jukwaani, na lugha waliyotumia.

Lakini tusidanganyane. Mchezo wa Gĩkũyũ unamfungulia mlango mama wa Limuru, halafu mtu wa Kisumu au Lamu anabaki nje. Nadhani kundi lenyewe liliona pengo hilo, maana mchezo wao wa pili, Maitũ Njugĩra, ulibeba nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Ulipaswa kuonyeshwa Kenya National Theatre Februari 1982. Walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wamejaa. Wakarudi kufanyia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kutazama mazoezi tu, hadi hayo nayo yakapigwa marufuku. Tarehe 12 Machi polisi walienda Kamirithu, wakaubomoa ule ukumbi wa mianzi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau waliishia Zimbabwe.

Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, katika jengo lilelile lililowafungia wanakijiji. Ni jambo la kufurahia. Ila jengo ni jengo, na tiketi ni tiketi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nimezoea kuulizwa nina karatasi gani kabla sijaulizwa nina la kusema. Kamirithu palikuwa na watu waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kuandika majina yao, na walimsahihisha profesa. Tamasha likiniambia tena ni la wote, sitauliza tu tiketi ni pesa ngapi. Nitauliza mama wa mahindi aliitwa lini kwenye mazoezi.