Migongo iliyolisha migodi

Vitabu vya Marekani vinasimulia punda na nyumbu waliopanda milima ya Colorado mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba unga, baruti na vyuma. Wakirudi, wanashusha mawe yenye madini. Silverton ilipata reli mwaka 1882, lakini kwenye migodi ya juu, kule treni haifiki, mnyama aliendelea na kazi. Huku kwetu Kivu, ile kazi ya punda ilifanywa na mtu.

Wengine watasema ni sababu ya msitu. Ni kweli, Urega ina matope, mito, na ile inzi ya mbung'o inayoua wanyama wa mizigo. Lakini mimi naona hesabu nyingine: punda ananunuliwa na kulishwa. Mpagazi aliitwa kupitia chefu wa kijiji, na mara nyingi chakula chake kilitoka kwa mke wake.

Kompanyi ya MGL ilianzishwa mwaka 1923. Migodi yake ya dhahabu ya Kamituga iko karibu kilometa 180 toka Bukavu, ambayo wakati ule iliitwa Costermansville. Mchimbaji halimi, kwa hiyo maharagi na unga vilitoka milimani kwa Bashi. Chumvi, samaki kavu, majembe na vyuma vilifuata. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa kolonia ulikuwa kilo 25 hadi 30, kichwani ao mgongoni, kapita akiwa nyuma. Barabara ilipofika, kamyo lilichukua safari ndefu, lakini toka barabara mpaka shimo, ni mgongo tena.

SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kompanyi za zamani, MGL ikiwa ndani. Bei ya kasiterite ikaanguka mwaka 1985, kompanyi ikavunjwa mwaka 1997, na barabara zikafa pamoja nayo. Basi mpagazi akarudi. Kule Bisie, upande wa Walikale, miaka ya 2000, vijana walitoa kasiterite msituni kwa miguu, siku mbili, kilo 50 mgongoni. Wakipanda, walibeba bia, mchele na sabuni. Bei kule juu ilikuwa ya kutisha, na ni lazima: kila chupa ilikuwa imelipa njia.

Na Kamituga kuna akina mama wanaobeba mifuko ya mawe toka shimoni mpaka mahali pa kutwangia. Hata jina la kazi yao limetoka katika neno letu "kutwanga". Somo la historia linataja MGL na SOMINKI kwa miaka yake. Hao mama hawana ukurasa.